Mkebe Haurudi Mtupu

Nakumbuka asubuhi moja kule Illasit, mwanangu, asubuhi ambayo ndovu walikuwa wamepita kwenye shamba la jirani yetu wa upande wa mfereji. Nilienda kujionea mwenyewe. Jana yake palikuwa na mahindi yaliyofika kichwani. Sasa palikuwa na mabua yaliyolala kwenye matope, na mwenye shamba ameketi juu ya jiwe, mikono magotini. Nilimsalimia, akaitikia kwa kichwa tu. Nikarudi nyumbani mbio, nikachukua panga, nikaanza kuvuna siku hiyo hiyo, ingawa mahindi yetu yalikuwa bado na maji.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, na leo nitakusimulia lote, kwa sababu ya lile gunia ulilolishusha hapa Kitengela Jumapili. Usidhani sikusikia. Mimi nimezeeka magoti, sijazeeka masikio. Ulimwambia mume wako pale mlangoni, "Hii ya chini ilinyeshewa, inanuka kidogo. Sisi hatuwezi kula hii. Tuipeleke kanisani, kuna wale watu wa Mashuuru ng'ombe zao zimeisha, hao hawawezi kataa." Sasa kaa chini, Mueni, uweke hiyo simu kando, umsikilize susu yako, mama wa baba yako.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Babu yako alikuwa akifanya kazi ya mjengo Nairobi na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, akipata nauli. Pale Illasit tulibaki mimi, baba yako ambaye alikuwa bado ananyonya, na mama mkwe wangu. Nilimwita Mwaitu, kama sisi Wakamba tunavyomwita mama, na kweli alinilea kama mama. Hakupenda maneno mengi. Ukimuuliza jambo mara mbili alikutazama tu mpaka ukajijibu mwenyewe. Alikuwa ameona njaa mbili kubwa maishani mwake na hakutaka kuona ya tatu, kwa hiyo mambo ya ghala hakumwachia mtu.

Alikuwa na chupa ya soda, ya kioo kisicho na rangi, aliyoiweka kwenye dirisha la jikoni. Kila mavuno aliiosha, akaikausha juani siku nzima, akatia chumvi kavu kidogo, akaongeza mahindi hadi karibu nusu, akaifunga, akaitikisa, akaiacha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yanarudishwa kwenye turubai juani. Chumvi ikibaki chini yote, yamekauka, yanaingia guniani. Alipima kila gunia, mwanangu, hata la mwisho kabisa, hata jua likiwa limewaka wiki nzima na kila mtu anaona kwamba yamekauka.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba nikajiona msomi. Chupa ile niliiona kuwa mchezo wa wazee. Niliuma punje kwa meno, ikilia, nikasema imekauka. Meno ya miaka ishirini na miwili yanavunja chochote, hata uongo.

Mwaka ule Mwaitu aliitwa Emali kabla hatujamaliza kuvuna. Binti yake alikuwa amejifungua na hali yake haikuwa nzuri. Alikuwa ameshapima magunia mawili ya mahindi yaliyowahi kukomaa. Alipokuwa akifunga leso yake ya safari aliniambia, "Hayo mawili ni yangu, nimepima. Hayo mengine ni yako. Usifunge gunia kabla hujapima."

"Sawa, Mwaitu," nikasema, na akili yangu ilikuwa kwa kitu kingine.

Kisha ndovu wakapita kwa jirani. Nilivuna siku tatu bila kupumzika, mtoto mgongoni. Nikapukuchua nikiwa na haraka, punje zikinipasua vidole. Nikatandaza turubai, jua likawaka siku moja, ya pili mawingu yakajikusanya upande wa Kilimanjaro na mvua ikaanguka. Ilinyesha siku nne. Niliyaingiza mahindi ndani, nikayamwaga sakafuni, hakukuwa na nafasi hata ya kukanyaga. Siku ya nne nikachoka. Niliuma punje moja, sikumbuki ililia au haikulia. Nikayatia yote kwenye magunia ya nailoni, manne, nikayashona, nikayapanga chumbani nyuma ya kitanda ambako mwizi hawezi kuyaona. Chupa ilikuwa dirishani, hatua kumi kutoka nilipokuwa nimesimama. Nilijiona shujaa. Ndovu hawakuyapata, mvua haikuyapata, na wezi wasingeyapata.

Mwaitu aliporudi, baada ya mwezi na nusu, alitazama yale magunia, akaniuliza, "Ulipima?"

"Nilipima, Mwaitu."

"Yote?"

"Yote."

Akaniamini. Angenipiga, angeniita mwongo, ningekuwa nimesahau. Aliniamini, akaenda kulala na uchovu wake wa safari.

Na ile mvua ya siku nne, mwanangu, ndiyo iliyokuwa mvua yote ya msimu ule. Tulipanda maharagwe, yakachipuka kwa unyevu wake, yakasimama vidole vitatu, yakafa. Mvua iliyoharibu chakula changu haikurudi kuniletea kingine.

Sasa nikwambie habari za mkebe, huu huu ulio juu ya kabati, ambao mkiwa wadogo mlinisumbua mkitaka kuweka humo marumaru zenu na mimi nikawafukuza kwa mwiko.

Ng'ambo ya uzio wetu wa miiba aliishi mama mmoja Mmaasai. Sote tulimwita Ngoto Nashipae, ndiyo kusema mama yake Nashipae. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mrefu, mcheshi, na Kiswahili chake kilikuwa kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Wao walikuwa na ng'ombe, sisi tulikuwa na shamba. Kila baada ya siku mbili au tatu mkebe wa bati wenye mkono wa waya ulivuka uzio ukiwa na maziwa, na ulirudi na mahindi, au maharagwe, au unga, au viazi. Hakuna aliyepima kilichoingia wala kilichotoka. Sheria ilikuwa moja tu: mkebe haurudi mtupu. Ukikosa kabisa, unatia hata kiazi kimoja, hata majani chai ndani ya karatasi. Kurudisha chombo cha mwenzako kitupu ni kumwambia, mimi na wewe tumemalizana.

Maziwa hayo ndiyo yaliyomnenepesha baba yako. Na huyo Nashipae, msichana wa miaka sita aliyeng'oka meno mawili ya mbele, ndiye aliyembeba mgongoni nikienda kuteka maji. Nikirudi nawakuta wameanguka wote wawili kwenye vumbi wakicheka.

Kiangazi kikakaza. Ng'ombe wakaanza kuanguka, mmoja mmoja, kisha watatu kwa siku. Mume wa Ngoto Nashipae akaswaga waliobaki kuelekea Chyulu kutafuta nyasi, akamwachia mkewe ng'ombe mmoja wa maziwa kwa ajili ya watoto. Siku moja mama huyo akaja na mkebe. Nilipoufungua, maziwa yalikuwa ya kina cha kidole kimoja.

"Ni ya mtoto," akasema. "Ng'ombe amekataa. Sasa hii ndio ya mwisho."

Nikamshukuru. Alipoondoka nikaanza kufikiria nitarudisha nini. Gunia moja la Mwaitu lilikuwa limekwisha, la pili limefika nusu. Nikaingia chumbani nikafumua gunia langu la kwanza.

Harufu ilinifikia kabla ya macho. Nikatia mkono, ndani palikuwa na joto, punje zimeshikana mabonge, nyingine kijani, nyingine rangi ya majivu. Nikafumua la pili. La tatu. La nne. Niliketi kitandani. Wahenga wanasema akiba haiozi. Yangu ilikuwa imeoza, magunia manne, na mvua nyingine ilikuwa mbali.

Ningetoka pale, nikapiga hatua kumi hadi jikoni, nikamwambia Mwaitu, "Nilikudanganya, sikupima," hadithi hii ingeishia hapo. Tungelia, tungechoma magunia, tungefunga mikanda. Lakini niliona aibu. Nisikilize vizuri, Mueni: si njaa iliyonifanya nitende nililotenda. Njaa ilikuwa bado haijafika nyumbani kwetu. Ilikuwa aibu.

Nikashona upya magunia matatu, nikachambua la nne. Yaliyokuwa kijani kabisa nikayatupia kuku nyuma ya nyumba. Walichakura, wakaonja, wakaenda zao, na mimi nikajifanya sikuona. Yaliyobaki nikayaosha maji matatu, nikayaanika Mwaitu alipokuwa ameenda kutafuta kuni, nikayapeleka kwenye mashine ya posho. Na hapa ndipo shetani alipo, mwanangu. Unga ukishasagwa, kuvu haionekani. Ulitoka mweupe kama wa mtu mwingine yeyote. Ulibaki na harufu kidogo tu, ile ile uliyosema wewe Jumapili: inanuka kidogo.

Sisi hatukuula. Sisi tuliendelea na gunia la Mwaitu. Niliujaza ule mkebe mpaka kifuniko kikakataa kuingia. Miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kuujaza vile, na niliujaza kwa sababu nilikuwa natoa nisichokitaka. Watu husema kutoa ni moyo si utajiri. Ni kweli, lakini hakuna anayekuuliza ni moyo wa namna gani.

Ngoto Nashipae alipoinua mkebe akausikia uzito, machozi yalimlengalenga. "Ashe oleng," akasema, asante sana, "ashe oleng. Enkai abariki hiyo mikono yako."

Alirudi tena wiki iliyofuata, amesimama nje ya uzio, ameuficha mkebe nyuma ya shuka. "Leo nimekuja na mkebe mtupu," akasema, akitazama chini. Mtu mzima, mkubwa kwangu, ananitazama miguuni.

"Si kitu, dada yangu," nikamwambia. "Lete."

Nilijaza tena. Na wiki nyingine nikajaza. Mwaitu aliniona nikipeleka, akadhani unga umetoka kwenye gunia alilopima, akanisifu kwamba nina mkono mpana. Nami, Mungu anisamehe, nilianza kujiona mtu wa maana. Nilitembea pale sokoni Illasit nikijiona mwanamke anayelisha jirani wakati wa njaa.

Nashipae alianza kutapika. Kisha miguu ikamvimba, na tumbo, na macho yakawa manjano. Mama yake alimbeba mgongoni hadi zahanati, akaelekezwa hospitali, daktari akasema ini la mtoto limeharibika. Siku ya nne akafa. Mama mwenyewe aliugua akapona. Mdogo wake Nashipae alikuwa bado wa maziwa tu, wakampa ya mbuzi, akabaki. Hakuna aliyepima unga ule. Wengine walisema ni homa ya macho ya manjano, wengine walisema ni jicho la mtu. Mimi sikuhitaji kupimiwa.

Nilikaa ndani siku mbili nikisema kichwa kinaniuma. Mwaitu alienda kwenye msiba peke yake. Akina mama waliokuwa huko walikuwa wanakoroga uji wa watu wa msiba kwa unga pekee uliokuwemo ndani ya nyumba. Mwaitu alikuwa ameona njaa mbili, nilikwambia. Alichota unga kidogo kwa kidole, akanusa, akauweka kwenye ulimi, akautema. Akaimwaga sufuria yote chini mbele ya watu, bila kueleza kitu, wakadhani mzee amepagawa.

Aliporudi hakuniita. Alipita hadi chumbani, akafumua gunia nililokuwa nimelishona upya, akazamisha mkono mpaka kiwiko. Alipoutoa, akautazama mkono wake kwa muda. Kisha akaketi kitandani pale pale nilipokuwa nimeketi mimi.

"Ulipima?"

"Sikupima, Mwaitu."

Nilisubiri kipigo. Hakuinua mkono. Alisema maneno ambayo nimeyabeba hadi uzee huu, na nitakupa kama alivyonipa.

"Afadhali mkebe ungerudi mtupu. Angekasirika, angelala njaa, kesho yake angeenda kuomba mahali pengine. Mtu mwenye njaa anatafuta. Wewe ulimwambia ameshiba, akaacha kutafuta."

Kisha akasema, "Amka uende umwambie."

"Mwaitu, ataniua."

"Labda. Enda."

Nilivuka ule uzio, mwanangu. Hatua si hamsini, lakini sijawahi kutembea safari ndefu kama ile, hata siku nilipomzika babu yako. Ngoto Nashipae alikuwa ameketi mlangoni, amenyoa kichwa, ameweka mikono mapajani. Nilipiga magoti nikamwambia yote: chupa, mvua, uongo, kuku walioyakataa mahindi. Sikubakiza kitu. Nikasema nilikuwa na gunia zuri na sikumpa.

Halafu akauliza jambo moja. "Na mtoto wako, alikula hiyo?"

"Hapana," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Akasema, "Mimi niliombea mikono yako. Kila asubuhi nikiamka, naombea mikono yako."

Akaingia ndani, akatoka na mkebe. Alikuwa ameuosha vizuri, unang'aa. Akanishikisha mikononi. Niliufungua kwa mazoea tu, na ndani hamkuwa na kitu. Nilielewa. Hakunitukana, hakunilaani, wala hakusema amenisamehe, na mimi sijawahi kujidanganya kwamba alinisamehe. Kabla ya mwezi kwisha walihama. Sikumwona tena.

Yale magunia tuliyachoma na kufukia majivu. Tukabaki na robo gunia, watu watatu, na kiangazi chote mbele yetu. Tulikula mara moja kwa siku, mboga za porini na uji mwepesi, na Mwaitu alikuwa wa mwisho kuchota kila siku. Alikonda akawa mifupa. Alipona, lakini hakuwahi tena kuniachia ghala, na hakuwahi kunikumbusha. Chupa yake niliirithi. Ikavunjika, nikanunua soda nyingine, nikanywa, nikaendelea na hiyo. Majuto ni mjukuu, ndivyo tunavyoambiwa, na mimi nina yote mawili humu ndani ya nyumba.

Basi nisikilize. Shamba lile la Illasit sasa ni lako, na mvua za siku hizi hazina adabu. Zinakuja wakati wa kuanika na kukimbia wakati wa kupanda. Usiliamini jino lako wala jua lako. Pima. Kama huna kifaa cha kisasa, chumvi haijapanda bei kiasi cha kukushinda. Ukikosea, na utakosea, sema siku hiyo hiyo, kwa sababu kosa likiwa bichi linatoka na gunia moja, likikaa linatoka na mtu. Hiyo sumu ya kuvu mnasikia kwenye redio kila mwaka, aflatoksini, mmeipa jina zuri, lakini ni ile ile, haioshwi, haipikwi ikaisha, na haijui kuchagua kati ya mtoto wa mwenye gunia na mtoto wa aliyepewa. Ni sisi tunaoichagulia.

Na zaidi ya yote, usimpe mwenye shida kitu ulichokikataa kwenye sahani yako, kisha ukangoja akushukuru. Ulisema hao hawawezi kukataa. Ni kweli, hawawezi. Ndiyo maana ni lazima wewe ukatae kwa niaba yao. Kama huna, waambie huna. Watakasirika, wataenda kwingine, wataishi.

Kesho asubuhi lile gunia mtalichoma, na nitasimama hapo nione moto, magoti haya yapende yasipende. Kisha ufungue gunia unalokula wewe na watoto wako. Ushushe huo mkebe juu ya kabati, uujaze, uongeze na debe juu yake kama mkono wako ni mpana kweli, uwapelekee watu wa Mashuuru, na mkebe uuache huko huko. Mimi sikupewa ruhusa ya kuujaza. Wewe hujakatazwa.

Njoo karibu, nipe mikono yako. Mungu wa Mwaitu, na Enkai wa yule mama, ambaye ni huyo huyo mmoja, aibariki mikono hii ivune na ishibe. Ayakaushe mahindi yako, aulainishe moyo wako. Aweke ukweli kinywani mwako kabla ya aibu. Na atakayekula kilichotoka mikononi mwako, mwanangu, aamke kesho yake.